Shangazi, Rudisha Upawa wa Kampuni

Ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Kengele ya Sufuria,
Chumba cha nyuma (kile ulichokuwa ukianikia nguo siku za mvua).

Kwa Shangazi,
Nyumbani kwa mdogo wako,
Chumba cha wageni.

YAH: MALALAMIKO RASMI KUHUSU BONDE LILILOTOKEA KWENYE BIDHAA YETU, PAMOJA NA DAI LA KURUDISHWA UPAWA

Mheshimiwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba shikamoo hii ni ya mtoto kwa shangazi yake, na haipunguzi hata chembe ukali wa barua inayofuata. Barua ni rasmi. Ina muhuri. Ukiona muhuri umekaa kichwa chini usicheke. Siku hizi hapa mezani hakuna mtu wa kuniambia nimeshika kitu upande gani.

Najua barua hii itasomwa na mdogo wako kabla haijakufikia, maana ndivyo alivyo na sote tumemzoea. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya yeyote atakayeketi kuamua kati yangu na wewe, naomba nianze na chanzo.

Kampuni yetu ni mimi na mshirika wangu, yule unayemwita Saketi kwa sababu hana mazungumzo mengine ila ya saketi za umeme. Tunatengeneza Kengele ya Sufuria. Ni kisanduku cha plastiki chenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Unakiweka kando ya jiko, unauning'iniza mkia wake wa waya kwenye mdomo wa sufuria, na maziwa yakianza kupanda, kinalia. Hiyo ndiyo kazi yake yote, kulia kabla maziwa hayajamwagika. Wazo lilinijia siku ile uliponiomba nikuangalizie maziwa wakati unaanua nguo. Niliyaangalia kwa dhati kabisa, ila kwa jicho moja, kwa sababu la pili lilikuwa kwenye simu. Uliporudi jiko lilikuwa jeupe. Mtu mwingine angeomba radhi na kuchukua tambara. Mimi niliacha kazi yangu ya kutengeneza lifti, nikafungua kampuni.

Nakumbuka uliuliza, "Sasa baba, si ungegeuza shingo tu?" Swali hilo Kampuni imelifanyia kazi kwa miaka miwili na bado haijapata jibu la kuridhisha.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu upawa kulala pasipostahili.

Sampuli ya kwanza ilitoka kwenye mashine ya Saketi, ile inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka, ikikoroma kutwa mpaka majirani wakadhani tumefungua mashine ya kusaga. Nilikuletea jikoni ikiwa bado na uvuguvugu. Nilikwambia, tena kwa Kiswahili fasaha: "Shangazi, ijaribu katika mazingira halisi. Itumie kama unavyotumia vyombo vyako vingine." Sikatai kwamba nilisema hivyo. Sikutegemea ungetii.

Siku hiyo hiyo ulionja mchuzi, ukasikia mtu anabisha hodi, ukatafuta mahali pa kuweka upawa. Jiko lile lina meza. Lina sinki. Lina sahani na vifuniko vilivyokaa bure tangu asubuhi. Wewe ukaulaza upawa wa moto juu ya sampuli pekee ya Kampuni, ukaenda mlangoni. Uliporudi, shingo ya upawa ilikuwa imezama pole pole kwenye plastiki na kuacha bonde safi, lenye mwinuko kidogo upande mmoja. Nimekuwa nikiwaeleza watu kwamba plastiki ya sampuli ni laini na ile ya kiwandani ni ngumu, kwa hiyo si kweli kwamba nilibuni chombo cha jikoni kisichovumilia joto la jikoni. Wengi wananisikiliza mpaka mwisho, kisha wanacheka.

2. Kuhusu kukaa kimya.

Kampuni ilikufanyia mahojiano rasmi. Nilikaa kwenye kigoda, kalamu mkononi, nikakuuliza kama umeona tatizo lolote. Ulijibu, "Kinalia. Mwanzo kilinishtua, sasa nimezoea." Nikaandika: mtumiaji ameridhika. Juu ya bonde hukutia neno.

Utajitetea kwamba bonde lilikuwa juu kabisa ya kisanduku, mbele ya pua yangu. Utasema ni mimi niliyekichukua, nikakifuta vumbi, nikakifunga kwenye gazeti na kukipeleka mwenyewe kwa Fundi Kalibu. Ni kweli. Lakini mimi nilikitazama kwa macho ya mzazi, na mtoto wa mtu akiwa na kovu usoni mzazi anaona macho tu. Isitoshe, siku zile nilikuwa nakariri hotuba ya kuzindua bidhaa, na ilikuwa na sehemu ngumu sana kuhusu umakini.

3. Kuhusu Fundi Kalibu kufanya kazi yake.

Mdogo wako hamjui huyu. Ndiye anayechonga chuma ambacho plastiki ya moto husukumwa ndani yake, na kalibu ikishachongwa, kila kinachotoka humo kinafanana na mwenzake. Mara ya kwanza tulimpa kazi ndogo, kifuniko cha betri. Akaona pembe zetu ni kali, akazilainisha kwa wema wake. Kifuniko kikakataa kuingia. Safari hii nikamwandikia maelekezo yasiyo na mwanya: nakili sampuli kama ilivyo, usiongeze, usipunguze, usifikiri. Neno la mwisho nililipigia mistari miwili.

Alinipigia simu. "Bosi, hapa juu pana kabonde. Nako nikanakili?"

Nikamjibu, "Fundi, soma maelekezo."

Sasa tazama mambo yanavyojipanga. Fundi aliuliza, hivyo hana kosa. Mimi nilijibu, hivyo sina kosa. Maelekezo yalikuwa sahihi, kwa sababu niliyaandika mwenyewe. Kilichobaki ni bonde, na bonde ni la upawa, na upawa una mwenyewe. Nilimpa Saketi aukague mlolongo huu kwa vile amezoea kufuatilia nyaya, akasema umeme ungepita bila shida. Aliongeza kwamba taa ingewaka kwangu, lakini hapo nadhani alikuwa amechoka.

4. Kuhusu siku ya maboksi.

Siku maboksi yalipofika tulikuwa wengi katika chumba cha nyuma. Kamba zako za kuanikia bado zipo, na vibanio vyako vya nguo ndivyo vinavyoshikilia saketi zinazokauka gundi, kwa hiyo kila mtu alisimama ameinama. Saketi alikuwepo. Majirani wawili walikuja kutusaidia kufungasha. Wewe ulikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Nilisema maneno machache ya ufunguzi, kisha nikapasua boksi la kwanza kwa kisu nilichokinunua kwa kazi hiyo tu.

Bonde. Nikafungua boksi la pili. Bonde. Fundi alikuwa amenakili hata kile kimchirizi kidogo pale ulipouvuta upawa kuuondoa. Visanduku mia tano, vyote vimezaliwa na kovu moja, na jirani mmoja akauliza kama hapo ndipo pa kuwekea kalamu.

Roho iliniruka, nikasema maneno. Kwa kuwa barua ni rasmi lazima niyanukuu: "Shangazi, hili si jiko la kila mtu kulaza upawa wake anapotaka! Hii ni maabara ya Kampuni!" Niliyasema mbele ya watu, na kwa sauti ya hotuba, kwa sababu ndiyo sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi.

Uliweka sinia chini. Hukugomba. Ulisema tu, "Haya baba. Nakuachia maabara yako." Ukauosha upawa, ukaukausha, ukaufunga kwenye kitambaa, ukautia kwenye mkoba. Asubuhi yake ulikuwa umekwenda kwa mdogo wako. Sasa ni wiki sita.

Ninacholalamikia hapa, naomba nieleweke, ni utaratibu. Mtu haondoki kwenye taasisi bila makabidhiano. Hukumwonyesha mtu yeyote chumvi inakaa wapi. Nilichokikuta kwenye kopo la rafu ya juu kilikuwa sabuni ya unga, na nilipogundua, Saketi alikuwa ameshakula nusu sahani kwa heshima. Vilevile hukuacha maelezo ya jiko. Lina upande mmoja unaowaka na upande mwingine unaofikiria. Miaka yote niliyokaa nyumba hii nilidhani pande zote zinawaka, kumbe ulikuwa unazungusha sufuria. Juu ya hayo yote umeondoka na kielelezo muhimu cha Kampuni, yaani upawa.

5. Kuhusu kupotosha wananchi.

Chumba cha nyuma kilijaa mpaka mlango ukawa haufunguki, na Saketi akawa anaingilia dirishani. Kwa aibu tukazipeleka zile mia tano kwa Mama Vyombo, yule mwenye duka la masufuria pale kwenye kona. Nilimsihi aziweke chini, nyuma ya ndoo, kama bidhaa zenye kasoro. Zikaisha.

Usifurahi kwanza. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanaionaje kengele yetu. Mama mmoja alinikaribisha mpaka jikoni kwake. Kisanduku kilikuwa kando ya jiko, safi, kinang'aa, na mwiko umelala bondeni umetulia, haugusi meza. "Kidude kizuri hiki," akaniambia. "Tangu nimeolewa nilikuwa sijui mwiko niuweke wapi. Ila kina kelele. Hamna kisichokuwa na kelele?" Betri alikuwa ameitoa, iko kwenye rimoti ya televisheni. Kwa jirani yake betri iko kwenye saa ya ukutani. Nyumba ya tatu wameukata mkia wa waya kwa sababu unakusanya mafuta.

Saketi ametumia miaka miwili kuifundisha kengele ile itofautishe mvuke wa maziwa na mvuke wa maharage. Nilipompa taarifa alikaa juu ya kreti, akashika tama, akauliza swali moja tu: "Wameukata kwa mkasi au kwa kisu?" Nikamwambia kwa mkasi. Akasema angalau.

Mama Vyombo naye aliandika kwa chaki kwenye ubao wake: VILAZIO VYA MIKO VIMEKWISHA. Nikamwandikia barua rasmi kumtaka atumie jina sahihi la bidhaa. Siku iliyofuata niliikuta barua yangu imefungia vikombe, na muhuri ukionekana vizuri kabisa upande wa nje.

Sasa unaona uzito wa jambo. Kwa upawa mmoja, na kwa muda usiozidi wa kuitikia hodi, umeufundisha mtaa mzima tabia mpya. Watu waliokuwa wakilaza miko popote, wakaridhika, leo wanataka mahali maalumu. Sisi tuliwaletea kengele na wewe umewaletea bonde, na wao, bila hata kutuita kwenye kikao, wamechagua.

6. Limefutwa baada ya kutafakari.

7. Kuhusu kuniacha niamue mambo bila chai.

Hali ilipofika hapo Kampuni ilikata kauli. Bonde kwenye kisanduku ni tuta kwenye kalibu, kwa hiyo nikamwagiza Fundi Kalibu alisage tuta liishe, ili toleo la pili litoke bapa kama tulivyokusudia. Akapiga simu tena. "Bosi, una uhakika? Tuta nikishalisaga silirudishi kwa gundi."

Nikamjibu, "Fundi, soma maelekezo."

Zamani mambo hayakuwa hivi. Zamani nilikuwa nikikata kauli, unasema, "Kunywa chai kwanza." Nami nakunywa, na kikombe kikifika katikati, kauli imeshalegea. Nimekaa na kumbukumbu zetu na nimegundua kwamba maamuzi bora yote ya Kampuni ni yale ambayo hayakufanyika kwa sababu ya chai. Tulitaka kengele iimbe, ukaleta chai. Tulitaka iwe na taa saba, ukaleta chai. Nilitaka kukodi ukumbi wa uzinduzi wenye viti vya kuzunguka, na hiyo ilihitaji vikombe viwili. Safari hii hapakuwa na mtu wa kuleta chochote. Niliamua nimesimama, koo kavu, simu mkononi. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kuhesabiwa kuwa wangu peke yangu.

Toleo la pili limetoka. Ni bapa, laini, halina kovu hata la dawa. Tumelipeleka kwa Mama Vyombo lisubiri wateja wenye uelewa.

8. Kuhusu mustakabali wa viwanda vyote.

Hapa nazungumza si kama mtoto wako bali kama mtu mwenye uchungu na maendeleo. Hebu fikiria kila mbunifu angekuwa na shangazi, na kila shangazi angekuwa na upawa. Gurudumu lingekuwa na bonde. Kioo cha kujitazama kingekuwa na bonde, na sote tungejiona tuna pua mbili. Ndege ingeruka na bonde juu ya bawa, na rubani akiulizwa angesema, "Hapo Shangazi aliweka kitu akaenda mlangoni." Ni kwa sababu hii nimefikiria kupendekeza kwa wahusika kwamba kila chumba cha ubunifu kiwe na mstari mwekundu sakafuni ambao shangazi haruhusiwi kuuvuka akiwa na chombo cha moto. Nilimsomea Saketi pendekezo hili. Akasema huenda hata mdomo wa birika alianza nao shangazi wa mtu, kwa kuligonga birika mahali. Nimemwambia aendelee na kazi.

Kutokana na hayo yote, Kampuni inadai mambo matatu.

Upawa urudishwe ukiwa kamili, usinyooshwe, usipigwe msasa, ukiwa na mkunjo wake ule ule wa shingoni.

Uambatane na maelezo yako kwa maandishi: siku ile upawa ulikuwa wa moto kiasi gani, uliulaza kwa mkono upi, ulikaa muda gani, aliyebisha hodi alikuwa nani na mlizungumza nini, na kama wakati huo ulikuwa na hasira au furaha. Usiulize maelezo haya ni ya nini. Ni ya kumbukumbu.

Mwisho, uombe radhi. Kampuni inapendelea radhi hiyo iombwe ana kwa ana, jikoni, asubuhi, na mwombaji awe ameshika birika. Si lazima useme maneno. Kumimina kutatosha.

Nisalimie sana mdogo wako, na umwambie bahasha hufunguliwa vizuri zaidi kwa mvuke kuliko kuchanwa pembeni. Wasalimie wanawe wote, na yule paka anayelala kwenye kikapu cha nguo. Majirani wawili wa siku ya maboksi wanakusalimu; wanauliza utarudi lini, nami nawajibu kwamba suala liko kwenye ngazi za juu. Saketi anakusalimu kuliko wote. Anasema amekonda, na mimi nathibitisha. Kopo la chumvi tumelipata, lilikuwa nyuma ya jiko, kwa hiyo hilo usihangaike kulijibu.

Nikitumaini kwamba hatua zitachukuliwa kabla mambo hayajafika pabaya zaidi, nabaki

Wako katika uzalishaji,

(sahihi na muhuri)

Mkurugenzi Mtendaji, Mkuu wa Ufungashaji na Kaimu Mpishi,
yule unayemwita Bwana Kiwanda.

Nyongeza, baada ya muhuri kukauka:

Ukweli ni kwamba toleo la pili lilikuwa limesharudi lote hata kabla sijaanza barua hii. Mama Vyombo kalileta mwenyewe kwa mkokoteni, kalishusha mlangoni, kajifuta jasho. "Hivi vya bapa mwiko unateleza mpaka chini," akasema. "Mimi nataka vile vya bonde. Nimeshaahidi watu elfu moja. Mwezi ukiisha huna, natafuta kwingine." Elfu moja, Shangazi. Hatujawahi kuombwa elfu moja ya kitu chochote, hata ushauri. Na kalibu yetu ni bapa kwa amri yangu mwenyewe, iliyoandikwa na kugongwa muhuri.

Nilijaribu kulirudisha bonde kwa mkono wangu. Nilipasha moto kijiko, uma, kile kisu cha kufungulia maboksi, hata pawa za majirani, nikavilaza kimoja kimoja juu ya sampuli mpya. Vingine vilitoboa mpaka chini. Kijiko kimegandia humo na hakitoki. Saketi anasema tatizo ni kwamba nalaza kwa nia sana, wewe ulilaza ukiwa na mawazo mengine. Ndiyo maana nilikuuliza habari za mlangoni.

Lakini hilo nalo limekwisha. Yule mama anayetaka kisichokuwa na kelele amekubali kutuazima cha kwake kwa nusu siku, baada ya kuniapisha mbele ya mumewe. Fundi Kalibu amelipima bonde, akasema atachonga tuta jipya alibane kwenye kalibu kwa skrubu. "Kazi ndogo hii, Bosi. Ungeniuliza." Kwa hiyo kwa upande wa uzalishaji, upawa hauhitajiki tena. Nakuandikia hili haraka ili usije ukampa mtu aulete bila wewe.

Lile lalamiko la sita lilihusu kengele. Ninayo moja pale jikoni, na Saketi ameikagua, haina kasoro yoyote. Kila asubuhi nabandika maziwa, naingia chumba cha nyuma, inalia kwa wakati wake kabisa, na maziwa yanamwagika huku inalia. Miezi yote ile ya majaribio niliandika kwamba kengele inaniita, nami nakuja. Kumbe ikilia ulikuwa unapaza sauti, "We baba, maziwa hayo!" nami nakuja kwa sauti yako. Nililifuta kwa sababu sikujua nimlalamikie nani. Nyumba imenyamaza, Shangazi, na mimi nimechoka nayo.

Jiko nimelisugua, ila ukutani bado pana alama kidogo. Birika liko pale pale ulipoliacha. Njoo. Jiko ni lako, na upawa ni wako, ulaze popote unapotaka.